Umri wa Mama na Mishipa ya Mji wa Mimba: Historia ya Elimu Mbili Zilizochelewa Kukutana, 1855–2017

Mwaka 1958 Shirikisho la Kimataifa la Madaktari wa Uzazi na Magonjwa ya Wanawake (FIGO) lilipendekeza kwamba mwanamke anayebeba mimba ya kwanza akiwa na miaka 35 au zaidi ahesabiwe katika kundi la wazazi wa kwanza wenye umri mkubwa. Mstari huo umedumu. Umeingia katika vitabu vya ukunga, katika fomu za hospitali na katika kauli za wahudumu, kiasi kwamba watu wengi huudhani kuwa ni mpaka uliowekwa na maumbile yenyewe. Makala haya yanauliza swali la kihistoria: mstari wa miaka 35 ulitoka wapi, na una uhusiano gani na jambo linalotokea mwilini, yaani safari ya damu kutoka moyo wa mama hadi kwenye kondo la nyuma?

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kulikuwa na elimu mbili. Ya kwanza ilihesabu miaka ya mama na vifo vya uzazi. Ya pili ilichunguza damu, mkojo na mishipa ya mjamzito. Kwa zaidi ya karne moja elimu hizi zilisafiri bila kuulizana habari. Zilipokutana, mstari ulikuwa umekwisha kuchorwa kwa sababu nyingine, na athari za kutangulia huko bado zinawafikia wanawake.

Hesabu za rejista

Uandikishaji wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Uskoti mwaka 1855. Fomu za mwaka huo wa kwanza zilidai habari nyingi kuliko za miaka iliyofuata, ukiwemo umri wa mama na idadi ya watoto aliokwisha kuzaa. Maswali hayo yalionekana kuwa mzigo kwa waandikishaji, na mengi yakaondolewa upesi. Bahati ya historia ni kwamba daktari wa uzazi wa Edinburgh, James Matthews Duncan, aliziona rejista hizo za mwaka mmoja kuwa hazina. Alichambua vizazi vya Edinburgh na Glasgow, na mwaka 1866 akatoa kitabu kuhusu uwezo wa kuzaa na utasa. Alipogeukia vifo vya wazazi, alieleza kwamba hatari ilikuwa ndogo zaidi kwa wanawake wenye umri unaokaribia miaka 25, nayo ikapanda kadiri umri ulivyosogea upande wowote, wa ujana au wa utu uzima.

Ikumbukwe kwamba Duncan hakuona ukuta wowote kwenye miaka 35. Alichoona ni mteremko unaopanda polepole. Tofauti ya ukuta na mteremko ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa haraka, kwa kuwa ukuta humwambia mwanamke wa miaka 34 kwamba yuko salama na kumtia hofu mwenzake aliyemzidi kwa miezi michache tu.

Duncan na watu wa zama zake walikuwa na hesabu bila kuwa na maelezo. Madaktari waliofuata walijaza pengo hilo kwa dhana iliyokuwa karibu: viungo vya nyonga vimekaza, misuli imechoka, njia haifunguki. Kwa maneno mengine, waliutazama uchungu wa siku ya kujifungua na kuacha miezi tisa iliyoutangulia. Dhana hii haikuwa upuuzi, maana uchungu wa muda mrefu ulikuwa tishio la kweli pale ambapo upasuaji ulikuwa hatari. Lakini iliyafunga macho yasitazame damu.

Tatizo la pili la hesabu lilihusu idadi ya mimba. Mwaka 1934 Bethel Solomons, aliyewahi kuwa mkuu wa hospitali ya uzazi ya Rotunda huko Dublin, aliandika kuhusu hatari za mwanamke aliyezaa mara nyingi, akipinga imani kwamba mama mzoefu hana la kuogopa. Onyo lake lilikuwa la haki, ila lilizua fumbo: aliyezaa mara nane kwa kawaida ana umri mkubwa pia. Je, kinachomwumiza ni miaka au ni mimba? Kwa Afrika Mashariki fumbo hili halikuwa la vitabuni. Mstari wa FIGO ulimhusu mzazi wa kwanza wa miaka 35, ilhali katika jamii nyingi za eneo hili mwanamke wa umri huo anayefika kliniki huwa amekwisha kuzaa mara kadhaa. Kipimo kilichotengenezwa kwa mama mmoja kikavishwa mama mwingine.

Kinachostaajabisha ni kwamba njia ya kulitegua fumbo hilo ilikuwapo. Mwaka 1933 Lionel Penrose, aliyekuwa akifanya utafiti Colchester nchini Uingereza, alitenganisha kwa takwimu umri wa baba na umri wa mama katika familia zenye mtoto mwenye hali ya Down, akaonyesha kwamba wa mama ndio wenye uzito. Mwaka uliofuata alitenganisha pia umri wa mama na nafasi ya mtoto katika mfuatano wa kuzaliwa. Huo ulikuwa ufundi uleule uliohitajika katika suala la shinikizo la damu na vifo vya wazazi. Hata hivyo, ulielekezwa kwenye yai. Baada ya kugunduliwa mwaka 1959 kwamba hali ya Down inatokana na kromosomu ya ziada, na baada ya madaktari kujifunza kuotesha seli kutoka katika maji ya uzazi katika miaka ya 1960, swali la hospitali likawa ni mjamzito yupi achomwe sindano ya kipimo hicho. Sindano yenyewe ilikuwa na hatari ya kuharibu mimba. Umri wa miaka 35 ulikubaliwa kuwa mahali ambapo faida ya kipimo inaweza kulinganishwa na hatari yake. Mstari wa 1958 ukapata nguvu mpya kutokana na hesabu ya mayai na sindano, na hakuna popote katika hesabu hiyo ambapo mshipa wa damu ulipimwa.

Elimu ya damu

Elimu ya pili ilikuwa ya zamani zaidi. Mwaka 1774 William Hunter alichapisha mjini Birmingham kitabu kikubwa cha picha 34 za mji wa mimba, kazi iliyotegemea miili ya wanawake waliofariki wakiwa wajawazito. Kwa kuingiza nta ya rangi katika mishipa, yeye na mdogo wake John walionyesha kwamba damu ya mama na damu ya mtoto hazichanganyiki. Damu ya mama humwagika katika nafasi zilizomo ndani ya kondo, ikaviosha vijitawi vyenye mishipa ya mtoto, kisha ikarudi. Ndugu hao waligombana baadaye kuhusu nani aliyegundua kwanza, ugomvi ambao hauongezi kitu katika mada hii.

Mwaka 1843 John Lever wa Guy's Hospital, London, alipasha moto mkojo wa wanawake wenye kifafa cha mimba na kuona protini ikiganda. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Italia alieleza kifaa cha kupimia shinikizo la damu kwa mkanda wa kufungwa mkononi, na mwaka 1897 Vaquez na Nobécourt wa Ufaransa waliripoti shinikizo la juu kwa wanawake wenye kifafa hicho. Alama mbili za ugonjwa zilikuwa zimepatikana kabla ya karne ya 20 kuanza. Chanzo kilibaki gizani. Ernest Page wa Marekani alipendekeza mwaka 1939 kwamba tatizo linaanzia kwenye kondo linalopata damu pungufu kuliko linavyohitaji. Mwaka 1953 Browne na Veall walijaribu kuupima upungufu huo nchini Uingereza kwa kutumia sodiamu yenye mnururisho, wakakuta kwamba mtiririko wa damu kwenye kondo hupungua kwa wajawazito wenye shinikizo la juu.

Jibu la kwa nini damu hupungua lilitoka katika vipande vidogo vya nyama. Geoffrey Dixon na William Robertson, waliokuwa wakifanya kazi Jamaica, walichukua sampuli kutoka mahali ambapo kondo hujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba, wakachapisha matokeo yao mwaka 1958. Ni mwaka uleule wa mstari wa FIGO. Elimu moja ilikuwa inaamua namba, nyingine inatazama mshipa chini ya hadubini, na hakuna dalili kwamba moja iliisubiri nyingine. Inafaa pia kukumbuka kwamba wanawake wa Karibi, ambao majina yao hayamo katika historia ya tiba, ndio waliotoa msingi wa elimu inayofundishwa leo duniani kote.

Robertson na Dixon walipoungana na Ivo Brosens, kijana kutoka Ubelgiji, picha ilikamilika katika maandishi ya 1967 na 1972. Ukuta wa mji wa mimba una ateri ndogo zilizojisokota, takriban mia moja chini ya kondo. Kabla ya mimba, kila ateri ina ukuta wa misuli unaoweza kubana na kulegea. Katika nusu ya kwanza ya mimba seli za kondo huzivamia ateri hizo, huondoa misuli na nyuzi za unyumbufu, na kuzigeuza kuwa mifereji mipana isiyoweza kujibana. Kanuni ya fizikia inasema kwamba upenyo wa bomba ukizidishwa mara mbili, kwa msukumo uleule maji yanayopita yanaweza kuongezeka mara 16. Ndiyo maana mji wa mimba unaopokea makumi machache tu ya mililita za damu kwa dakika kabla ya mimba unaweza kupokea mililita 500 au zaidi mimba inapokomaa. Kwa wanawake wengi waliopata dalili za awali za kifafa cha mimba, Brosens na wenzake walikuta mageuzi hayo yameishia juujuu. Sehemu ya ateri iliyomo ndani ya misuli ilikuwa bado nyembamba, yenye uwezo wa kujibana kama zamani.

Mahali elimu mbili zilipokutana

Kati ya mwaka 1959 na 1966 hospitali 12 za Marekani ziliandikisha wajawazito katika utafiti mkubwa uliofuatilia mimba zaidi ya 50,000 pamoja na watoto waliozaliwa. Kondo zilichunguzwa kwa utaratibu mmoja. Mtaalamu wa patholojia Richard Naeye alizirudia kumbukumbu hizo na mwaka 1983 akachapisha uchambuzi kuhusu umri wa mama. Hakuishia kwenye kuhesabu vifo vya watoto kwa makundi ya umri, kazi ambayo Duncan angeitambua mara moja. Alitazama pia ateri zilizomo katika misuli ya mji wa mimba, akakuta kwamba kiwango cha zile zenye makovu ya ugumu kilikuwa asilimia 11 katika umri wa miaka 17 hadi 19, kikipanda hadi asilimia 83 baada ya miaka 39. Matatizo yaliyoongezeka pamoja na umri yalihusiana kwa sehemu kubwa na kondo lisilopata damu ya kutosha.

Uzito wa matokeo haya hauko katika asilimia 83 peke yake. Uko pia katika asilimia 11. Msichana wa miaka 18 naye anaweza kuwa na ateri iliyokakamaa, na mwanamke wa miaka 40 anaweza kuwa miongoni mwa wasio na kovu. Mteremko wa Duncan ulikuwa umepata mwili: ateri inazeeka kidogo kidogo, kwa mwendo usiofanana kati ya mtu na mtu, na seli za kondo zikiikuta ikiwa ngumu hufanya kazi katika mazingira magumu zaidi. Utafiti wa baadaye kuhusu utando wa ndani wa mishipa uliongeza kipande kingine. Utando huo hutoa oksidi nitriki, gesi inayoulegeza mshipa, ugunduzi uliowapatia Furchgott, Ignarro na Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Uwezo huo hupungua umri unapoongezeka, wakati ambapo mimba inaudai moyo utoe damu takriban asilimia 40 zaidi ya kawaida.

Karibu na wakati wa andiko la Naeye, watoto wa kwanza waliotokana na yai la kuchangiwa walizaliwa. Tiba hiyo ilifanya jambo ambalo hakuna takwimu iliyoweza kulifanya: ilitenganisha umri wa yai na umri wa mji wa mimba. Mark Sauer na wenzake walionyesha mwaka 1990 kwamba wanawake waliopita miaka 40 waliweza kushika mimba vizuri kwa mayai ya wanawake vijana. Wengi walisoma matokeo hayo kana kwamba mji wa mimba hauzeeki. Lakini ripoti ya Richard Paulson na wenzake ya mwaka 2002 kuhusu wanawake wenye miaka 50 na zaidi ilionyesha kwamba takriban theluthi moja ya waliojifungua walipata dalili za awali za kifafa cha mimba. Yai lilikuwa changa, mishipa haikuwa. Hata hapa tahadhari inahitajika, kwa sababu mtoto wa yai la kuchangiwa ni mgeni kamili kwa kinga ya mwili wa mama, na ugeni huo peke yake huongeza hatari ya ugonjwa huu hata kwa wanawake wenye umri mdogo. Wanaoitumia ripoti hiyo kama ushahidi wa umri pekee wanaivuta kuliko inavyoweza kufika.

Upande wa pili wa mjadala nao unastahili kusikilizwa. Mwaka 1990 Gertrud Berkowitz na wenzake walichapisha uchambuzi wa wanawake 3,917 waliojifungua kwa mara ya kwanza katika hospitali moja ya New York wakiwa wagonjwa wa kulipia. Waliovuka miaka 35 walipata zaidi shinikizo la damu, kisukari cha mimba na upasuaji, lakini watoto wao kwa jumla hawakuwa katika hali mbaya sana kuliko watoto wa wenzao vijana. Hao walikuwa wanawake wenye uwezo, waliohudumiwa mapema na kwa karibu. Matokeo hayo hayaifuti ateri iliyokakamaa. Yanaonyesha kiasi gani cha madhara yake kinaweza kuzuiwa pale huduma inapokuwapo, na kwa hiyo kiasi gani cha kile kinachoitwa hatari ya umri ni hatari ya kukosa huduma.

Kipimo cha mtu mmoja mmoja

Chombo cha kumtazama kila mwanamke kwa nafsi yake kilikuja kwa mawimbi ya sauti. Mwaka 1977 Fitzgerald na Drumm wa Dublin walitumia Dopla kusikiliza damu ikipita katika kiungamwana, na mwaka 1983 Stuart Campbell na wenzake jijini London wakaielekeza kwenye ateri za upande wa mama. Ateri iliyobaki nyembamba hutoa wimbi lenye mkato, ishara kwamba damu inasukumana na kizuizi. Mwaka 2017 jaribio lililoongozwa kutoka London, likiwahusisha wanawake 1,776 waliochaguliwa kwa kuunganisha historia yao, shinikizo la damu, Dopla na vipimo vya damu, lilionyesha kwamba aspirini ya miligramu 150 kila usiku, ikianza kati ya wiki ya 11 na ya 14, ilipunguza dalili za awali za kifafa cha mimba zinazolazimisha mtoto azaliwe kabla ya wakati, kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Umri ulikuwamo katika hesabu ya uchaguzi, ukiwa kigezo kimoja miongoni mwa vingi.

Miongozo haikuafikiana juu ya nafasi ya umri. Ule wa Uingereza wa mwaka 2010 uliutaja umri wa miaka 40 kuwa kigezo cha wastani. Wa Marekani wa 2014 ulitaja 35. Na orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2011, iliyotaja wanawake wenye hatari kubwa wanaostahili aspirini, haikuutaja umri kabisa. Ateri ni ileile, lakini mwanamke wa miaka 38 anahukumiwa kwa namna tatu kulingana na mwongozo uliomo mezani.

Kwa zahanati ya Afrika Mashariki swali lina sura nyingine. Lugha yenyewe inaanzia mwisho wa ugonjwa: kifafa cha mimba ni jina la degedege, tukio la mwisho, na hatua ya miezi iliyotangulia huitwa kwa maelezo marefu ambayo wajawazito wengi hawayatumii. Vifaa vya mhudumu ni mkanda wa kupimia shinikizo na kipimo cha mkojo, yaani urithi wa Riva-Rocci wa 1896 na wa Lever wa 1843, ambavyo huona ugonjwa ukiwa umekwisha kujitokeza. Dopla ya ateri za mji wa mimba hupatikana zaidi katika hospitali kubwa za mijini. Katika mazingira hayo umri unabaki kuwa kipimo cha bei nafuu kuliko vyote, na ni haki kuutumia, maadamu anayeutumia anajua kwamba ameshika kivuli cha mshipa na bado hajauona mshipa wenyewe.

Kizuizi kikubwa zaidi ni kalenda ya mimba kuliko ya mama. Ateri hugeuzwa katika nusu ya kwanza ya mimba, na Shirika la Afya Duniani linataka aspirini ianzwe kabla ya wiki ya 20. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2015–16 ulikuta kwamba takriban mwanamke 1 kati ya 4 ndiye aliyehudhuria kliniki kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu ya mwanzo. Anayefika mwezi wa sita, awe na miaka 22 au 42, anafika wakati kazi ya seli za kondo katika ateri zake imekwisha, vizuri au vibaya.